Mlilaki Mfupi Chini ya Dirisha: Shajara ya Miaka Minne

Mwaka wa kwanza, 9 Machi

Nimepima ukuta mara tatu leo, na mara zote tatu jibu ni lilelile: kutoka ardhini hadi kizingiti cha dirisha la chumba cha kulala ni mita 1 na sentimita 40. Hapo ndipo nataka kichaka kinachonukia. Si kando ya lango wala nyuma ya banda. Nataka hapo hapo, ili dirisha likifunguliwa jioni harufu iingie yenyewe bila kukaribishwa. Kisilipite dirisha, kisizibe mwanga, na kisinipandishe ngazi kila mwaka kwenda kukikata kichwa.

Ua nimeshachagua: lilaki. Kichaka chake nitakiita mlilaki, kama tusemavyo waridi na mwaridi. Shida ni kwamba mlilaki wa kawaida, Syringa vulgaris, ule wenye asili ya Balkani uliosambaa Ulaya magharibi kuanzia karne ya 16 ukipitia Istanbul na Vienna, hufika mita nne au tano bila kuhema. Tena huotesha maotea pembeni mpaka shina moja linakuwa kijipori. Kwa dirisha langu, haufai.

Zimebaki aina tatu. Ya kwanza ni 'Miss Kim'. Mbegu zake zilikusanywa milimani Korea mwaka 1947 na Elwyn Meader, mtaalamu wa mimea wa Marekani, akaenda kuziotesha New Hampshire, na aina yenyewe ikatolewa kwa wakulima mwaka 1954. Naipenda kwa sababu majani yake huiva rangi ya zambarau nyekundu kabla ya kupukutika, jambo ambalo mililaki mingi haijui kabisa; mingi hufa kijani hadi siku ya mwisho. Lakini 'Miss Kim' ikizeeka hufika mita 2 na kuzidi. Wauzaji hupenda kuandika kimo cha ujana.

Ya pili ni zile za jamii ya 'Bloomerang', zinazotoa maua majira ya machipuko, zikapumzika, halafu zikatoa tena kuanzia katikati ya kiangazi. Nilizitazama kwa siku mbili nzima. Duru yao ya pili ni ya maua machache machache, na mimi nataka mafuriko, hata kama ni ya wiki mbili tu.

Ya tatu ni Syringa meyeri 'Palibin'. Kimo mita 1.2 hadi 1.5, upana kidogo kuzidi kimo, majani madogo, harufu kali. Jina la meyeri ni la Frank Meyer, Mholanzi aliyehamia Marekani na kutumwa na Wizara ya Kilimo ya huko kutafuta mimea Asia. Ndiye huyohuyo wa limau la Meyer. Kichaka hiki alikikuta kimepandwa bustanini karibu na Beijing, si porini. Maana yake kuna watu waliokitunza karne nyingi kabla hajafika, na majina yao hayamo kwenye kibandiko. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1918, akizama katika mto Yangtze.

Nimechagua 'Palibin'. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haikitishi, na kwa kweli baridi ndiyo chakula chake: bila wiki nyingi za baridi ya kweli, matumba hayaamki vizuri. Mwenye bustani penye joto mwaka mzima asijisumbue. Na aliye kusini mwa dunia aisome shajara hii akiruka miezi sita.

22 Aprili

Nimepanda.

Mche umekuja ndani ya chungu cha lita tatu, kimo sentimita 35, matawi saba membamba kama penseli. Shimo nililichimba mara mbili ya upana wa chungu, kina kile kile cha chungu. Mume wangu alipita na kikombe mkononi, akatazama shimo, akatazama mche, akauliza, "Hapa unapanda au unazika?"

Kabla ya kuchimba nilikuwa nimeujaribu udongo. Nilichimba kishimo cha sentimita 30, nikakijaza maji, nikayaacha yaishe, nikajaza tena, kisha nikasimamisha rula. Kwa saa moja maji yalishuka sentimita 3. Si haraka, lakini panapita. Mlilaki husamehe karibu kila kitu isipokuwa kusimama na miguu ndani ya maji. Kipimo cha uchachu wa udongo kimesoma 6.8, kwa hiyo chokaa haihitajiki. Udongo wenye tindikali sana ungenilazimu niitie.

Nilipouchomoa mche nikaona kilichonisikitisha: mizizi imezunguka ndani ya chungu duru baada ya duru, kama uzi kwenye kibiringo. Ukiipanda hivyo itaendelea kuzunguka huko chini miaka, na kichaka kitadumaa huku unamwaga mbolea bure. Nikachukua kisu, nikakata mistari minne kutoka juu hadi chini, kina cha sentimita moja hivi, kisha nikaichambua mizizi kwa vidole. Ilikuwa na sauti, mkwaruzo mdogo mdogo, kama kuchana nywele zilizoshikana. Kumkata mgeni siku ya kwanza anayofika kunataka moyo mgumu.

Udongo uliotoka shimoni ndio uliorudi, pamoja na mboji makoleo mawili tu. Samadi sikutia. Nitrojeni nyingi humfanya mlilaki anenepe majani na kusahau maua. Nikamwaga maji ndoo mbili, nikatandaza matandazo ya maganda ya miti unene wa sentimita sita, nikayasogeza mbali na shina kwa upana wa kiganja.

2 Juni

Mashada matatu. Yalikuja yakiwa tayari tumboni mwa mche, kwa hiyo sifa si zangu. Kila shada lina urefu wa kidole cha kati. Nilipiga magoti kuyanusa kwa sababu yako usawa wa goti. Harufu ipo, ila ya kufuatwa, haijaanza kutembea.

17 Agosti

Joto wiki mbili mfululizo. Majani yamekauka kingo. Ndoo moja kila baada ya siku tatu, asubuhi, polepole, chini ya shina. Hakuna zaidi la kuandika.

28 Septemba

Leo nimekinyoa. Kilikuwa kimetoa vikonyo virefu huku na huku, kila kimoja kikielekea kwake, kikafanana na mtoto aliyeamka usingizini. Nimechukua mkasi mkubwa wa kunyolea uzio, nikakizungusha kikawa duara safi. Sasa kinafanana na kichaka cha kwenye picha. Jioni nimekaa nje kukitazama, na nimeridhika sana.

*[Nimeongeza Mei iliyofuata: Ewe uliyeridhika, ungejua.]*

Mwaka wa pili, 26 Mei

Majirani wote wenye mililaki wana maua. Mimi nina majani. Kichaka kimejaa, kimenawiri, kijani cha kupendeza, kimo sentimita 60. Nilikizunguka mara mbili kutafuta hata shada moja. Nikayapata manne, yote upande wa ukutani, chini kabisa, mahali ambapo mkasi wangu wa Septemba haukuweza kuingia.

Nilisimama hapo dakika nzima. Penye mkasi hakuna ua; pasipofikiwa na mkasi, maua yapo. Kuelewa hapo hakuhitaji kitabu, ingawa nilienda kukitafuta.

Ni hivi. Mlilaki haufanyi maua ya mwaka huu mwaka huu. Ukimaliza kuchanua mwanzoni mwa Juni, unasukuma vikonyo vipya kwa wiki kadhaa. Kisha vikonyo vinasimama, na kwenye ncha zake, katikati ya kiangazi, matumba ya mwaka ujao yanaanza kuumbwa. Kufika Septemba kila kitu kimekwisha kufungwa na kuwekwa tayari: ndani ya ncha ya kila kikonyo kilichokomaa mmekaa shada zima, linangoja baridi ipite. Vile vikonyo nilivyoviona vimechafuka ndivyo vilivyokuwa vimebeba maua yangu. Niliyakata yote na kuyatupa kwenye lundo la mboji, halafu nikakaa kwenye kiti nikijipongeza.

Ufupi wa kichaka ndio ulionidanganya. Mlilaki wa mita tano hakuna anayethubutu kuunyoa duara, mkono haufiki. Huu ulio usawa wa kiuno unakuita kila unapopita na mkasi. Na ukiangalia picha za matangazo, umechorwa kama mpira. Hakuna anayesema mpira ule unatokana na umbo la kichaka chenyewe, kwamba 'Palibin' akiachwa hujikusanya mwenyewe.

Kwa hiyo kalenda ni fupi kuliko nilivyodhani. Mkasi unaruhusiwa kuanzia maua yanaponyauka, kwa wiki tatu hivi. Baada ya hapo kila unachokata unakitoa kwenye akiba ya mwaka unaofuata. Tawi lililokufa au lenye ugonjwa ni habari nyingine. Hilo hata Januari ondoa.

Mwaka huu sikati kitu. Kinyozi amestaafu.

11 Julai

Jambo la ajabu. Chini ya kichaka, kutoka udongoni, vimechomoza vikonyo viwili vinene vilivyokwenda juu kwa kasi isiyo ya 'Palibin'. Majani yake ni makubwa, laini, yenye umbo la moyo na ncha kali. Majani ya 'Palibin' ni madogo, ya mviringo, urefu wa sentimita tatu au nne, na kingo zake zina mawimbi kidogo. Nikachuma moja moja nikayalaza kwenye kiganja. Hawa si ndugu wa tumbo moja.

Nikafukua udongo kuzunguka shina. Sentimita tano chini nikalikuta kovu: mche wangu umebebeshwa. Juu ni 'Palibin', mizizi ni ya mlilaki wa kawaida, na mizizi imechoka kulisha mtu mwingine, inataka kichwa chake yenyewe. Kitalu hakikuniambia, na mimi sikuuliza. Ningeyaacha maotea haya, katika miaka michache yangemfunika 'Palibin', na ningekuwa mtu wa kushangaa kwa nini kichaka changu kifupi kimekuwa kirefu na kimebadili sura.

Kuyakata usawa wa ardhi ni kuyapogolea tu. Yatarudi na wenzao. Nimefukua mpaka pale yanapoungana na mzizi, nikayashika chini kabisa, nikayavunja kwa kuyavuta kando ili yatoke na kisigino chake. La kwanza lilitoka safi. La pili lilikatika juu, najua litarudi. Anayenunua leo, ombi langu kwake ni aulize kama mche umesimama juu ya mizizi yake mwenyewe. Vipandikizi vya 'Palibin' huota mizizi bila taabu kubwa, kwa hiyo miche ya namna hiyo ipo.

19 Oktoba

Majani yameanguka karibu yote. Sasa vikonyo vinasomeka. Ncha ya kikonyo cha mlilaki haimaliziki kwa tumba moja. Huishia kwa mawili yaliyokaa bega kwa bega, mfano wa pembe za mwanambuzi. Baadhi ya jozi hizo ni nene na za mviringo, nyingine nyembamba zenye ncha kali. Nene ni za maua, nyembamba ni za majani. Ndivyo nilivyosoma, na nilitaka kuona kwa macho.

Nikatoa tumba moja nene kama sadaka. Nikaliweka juu ya kibao cha kukatia, nikalipasua katikati kwa wembe, nikachukua kioo cha kukuzia. Magamba ya nje ya kahawia yamepangana kama vigae. Ndani yake magamba ya kijani, laini, yenye unyevu. Na katikati kabisa, mahali pasipozidi milimita mbili, kuna kitu kama kishada cha mtama kabla haujakomaa: punje za kijani kibichi zimesongamana kwenye kikonyo kisichoonekana kwa urahisi. Hilo ni shada la Mei. Oktoba hii, kwenye mvua, majani yako chini, na ua limekwisha kuwa ua.

Nikamwita mume wangu aje aone. Akainama, akatazama muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo mwaka jana ulikata mamia ya hivi." Nikamwambia asante kwa kunikumbusha.

Mwaka wa tatu, 21 Aprili

Jalidi ya kuchelewa, nyuzi 3 chini ya sifuri alfajiri, baada ya siku kumi za vuguvugu na mvua. Majani yalikuwa yamekwisha kufunguka. Baada ya siku nne ncha za vikonyo vitano zimekuwa nyeusi na kulegea, zikajipinda kama kiberiti kilichoungua. Nilidhani ni baridi peke yake, lakini weusi umeshuka chini ya ncha, ukafuata mshipa wa upande mmoja wa kikonyo.

Huyu ni bakteria, na jina lake linachekesha kwa uchungu: Pseudomonas syringae. Aliitwa hivyo kwa sababu alitambuliwa kwanza kwenye mlilaki, Syringa. Siku hizi anajulikana kwa kushambulia mimea mingi, toka nyanya hadi miti ya matunda, lakini jina la mwenyeji wake wa kwanza limemganda. Ana mbinu ambayo sikuitegemea. Maji safi juu ya jani yanaweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuganda. Bakteria huyu ana protini juu ya ngozi yake inayowapa maji pa kuanzia kuganda, hivyo barafu inafanyika mapema, kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Barafu inapasua jani, naye anaingia kupitia jeraha. Watu wamechukua protini hiyo hiyo wakaitumia kwenye mitambo ya kutengenezea theluji kwenye miteremko ya kuskii. Mwizi wa bustani yangu ameajiriwa mlimani.

Nimekata vikonyo vitano, kila kimoja sentimita 15 chini ya weusi, nikifuta mkasi kwa spiriti baada ya kila mkato. Vipande havikwenda kwenye mboji. Maua matano au kumi yamekwenda navyo. Sikuwa na namna.

24 Mei

Mlilaki wa kawaida wa jirani umeanza kunyauka. Wangu bado haujafunguka. 'Palibin' huchelewa nyuma yake kwa wiki moja au zaidi, na mwenye nafasi ya kupanda vyote viwili anapata karibu mwezi mzima wa harufu. Matumba yangu yamevimba, rangi ya zambarau iliyoiva inayokaribia wekundu wa divai. Kichaka kizima kinaonekana kama kimetiwa moshi.

31 Mei

Kimefunguka.

Nitaandika polepole maana nimengoja.

Nimeamka saa kumi na mbili asubuhi, dirisha lilikuwa wazi kiasi cha kiganja. Kabla sijafumbua macho vizuri nikajua. Harufu ilikuwa ndani ya chumba, imekaa. Si tamu ya sukari kama ya mlilaki wa kawaida. Hii ina kitu cha viungo ndani yake, kama mtu amepita na karafuu mfukoni saa moja iliyopita. Nikatoka nje na khanga begani. Nje, karibu kabisa na kichaka, harufu ilikuwa hafifu kuliko chumbani. Hewa ilikuwa bado baridi. Nilirudi saa nne jua lilipogonga ukuta, na hapo ilikuwa nzito kiasi cha kukufanya usimame. Ukuta unapata moto, hewa inatulia, harufu inajazana kwenye kona kama maji. Kwa hilo eneo nililichagua vyema, ingawa nakiri nilikuwa nafikiria dirisha, si ukuta.

Nimelishika shada moja kwa vidole viwili. Lina urefu wa sentimita tisa. Kila ua ni kijineli chembamba, kirefu kiasi cha sentimita moja, kinachofunguka mdomoni kuwa vipetali vinne vilivyokunjuka nyuma. Nje ya neli rangi ni zambarau, ndani ya vipetali ni nyeupe iliyotiwa tone la waridi, ndiyo maana kichaka kikifunguka kinaonekana kufifia: kila tumba jeusijeusi linageuka ndani nje na kuonyesha weupe wake. Rangi ileile yenye buluu kwa mbali ndiyo iliyolipa ua jina. Lilaki limetoka Kiajemi, nilak, likapita kwa Waarabu hadi Ulaya, na mzizi wake ni nil. Ni nili hiyo hiyo yetu, ya kutilia nguo nyeupe. Neno tulikuwa nalo nyumbani siku zote, kwenye beseni la kufulia.

Na undugu haukuishia kwenye neno. Mlilaki ni wa familia ya mzeituni, ambamo asumini naye yumo. Ukiiweka neli ya lilaki karibu na neli ya asumini unaona kwamba fundi ni mmoja, kabadili idadi ya vipetali tu.

Kitu kimoja kinanifurahisha kijinga. Harufu hii haikubali kukamuliwa. Mvuke unaotoa mafuta ya waridi na ya karafuu hautoi kitu cha maana kwenye lilaki, kwa hiyo harufu ya lilaki iliyomo kwenye sabuni na marashi huwa imetungwa maabara, na mtunzi akikisia. Ya kweli inapatikana kwa kusimama karibu na kichaka, wiki mbili kwa mwaka.

Nimehesabu mashada hadi 140 nikachoka.

9 Juni

Maua ya chini yamegeuka kahawia. Leo ni siku ya mkasi, na safari hii ni mkasi mdogo wa mkononi. Ule mkubwa wa uzio nimeupandisha juu ya kabati.

Kazi yenyewe: kila shada lililonyauka nalikata juu ya jozi ya kwanza ya majani, maana chini yake pale pale machipukizi mapya yamekwisha kuanza, hata milimita 5 hayafiki. Ukikata chini zaidi umeyaondoa. Kwa kichaka cha mashada 140 hii ni kazi ya jioni mbili na mgongo. Si lazima kwa uhai wa mlilaki, na 'Palibin' hata ukiacha hachukii sana, lakini sitaki mashada makavu dirishani mwaka mzima. Matawi mawili yaliyokuwa yanaegemea ukuta nimeyaondoa tangu chini. Kichaka kikizeeka nitakuwa nikitoa theluthi moja ya matawi makongwe kila mwaka kwa miaka mitatu, kipate damu mpya bila kukosa maua. Kwa sasa bado ni kijana.

Nimechukua pia vipandikizi 12 kutoka vikonyo vipya, laini, urefu wa sentimita 10. Wakati wake ni huu na ni mfupi. Wiki tatu zijazo vitakuwa vimekomaa na kugoma. Nilipokikata kimoja kwa kisu nikaona katikati uboho mweupe, mwepesi, unaotoka kwa sindano. Jina la Syringa ni la Kigiriki na linatokana na neno la bomba au filimbi. Nilikitoa uboho kikonyo kimoja kilichokomaa, nikapuliza. Hakikutoa sauti. Mume wangu kasema afadhali.

Majani ya chini nimeyaondoa, vitako nimevichovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, nikavichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji nyepesi, nikavifunika kwa mfuko angavu na kuviweka kivulini.

27 Julai

Saba kati ya 12 vimeota mizizi. Nilijua kwa kuvivuta kidogo. Vyenye mizizi vinakuvuta nawe. Vitano vimeoza, kosa ni mfuko niliosahau kuufungua kwa siku nne. Maotea yamerudi mahali pale pale lilipokatika lile la pili. Nimeyatoa.

6 Septemba

Mlilaki wa jirani umepakwa unga. Ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, umefunika majani yote, meupe mpaka yanasikitisha. Wangu, mita sita kutoka hapo, una majani mawili yenye madoa. Hii ni sifa ya 'Palibin' niliyoisoma nikaiona ni maneno ya biashara, na leo naiandika mwenyewe. Jirani aliniuliza ninapulizia dawa gani. Nilipomwambia sipulizii kitu alinitazama kama ninaficha.

Mwaka wa nne, 3 Juni

Maua yamezidi ya mwaka jana na sikuhesabu. Kimo sentimita 95. Vipandikizi vitatu nimevihamishia ardhini, vinne nimevigawa. Vyote vimesimama juu ya mizizi yake, na niliowapa nimewaambia hivyo.

Mama amekuja kukaa nasi wiki mbili, na kwa bahati zimeangukia hizi. Siku ya pili alisimama dirishani muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hiki asumini chenu cha baridi hakina haya." Nikamweleza kwamba kweli ni ndugu wa asumini. Hakushangaa hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo pua yake ilishamwambia.

30 Septemba

Vikonyo vimekwenda kila upande tena. Mume wangu amesimama mlangoni asubuhi, akasema kichaka kimeanza kufanana na mtoto aliyeamka usingizini, na kwamba akipewa nusu saa angekiweka sawa. Amenena neno kwa neno kama nilivyoandika mimi miaka mitatu iliyopita, na hajawahi kuisoma shajara hii.

Nimekwenda kuvihesabu vikonyo vyenye jozi nene, upande wa dirisha peke yake. Ni 61. Mkasi mkubwa bado uko juu ya kabati, na ngazi nimeifungia bandani.